Umealikwa Chakula kwa Waganda: Mwongozo Kamili kwa Mswahili Aliyehamia Kampala

Kila masomo yanapoanza Makerere, simu yangu haikosi kuita Jumapili jioni. Ni mdogo wangu fulani kutoka Arusha au Mombasa, sauti imepoa: "Dada, leo nilialikwa kula kwa kina rafiki yangu. Nimekula vizuri, nikasema asante, nikaondoka. Mbona naona kama nimewaudhi?"

Namuuliza aliingia saa ngapi na akatoka saa ngapi. Aliingia saa saba, akatoka saa tisa kasoro. Basi, nishajua.

Watu wetu hawakosei kwa kula. Kunawa tunajua, kumega tunajua. Tunakosea kwa haraka: salamu ya haraka, sahani ya haraka, asante moja, kwaheri. Kwa Waganda, yaani kabila la Buganda lenye Kampala yake, chakula cha mgeni ni shughuli ya mchana mzima, na kila kipande cha shughuli hiyo kina shukrani yake na jibu lake. Mwongozo huu unakuvusha mchana huo, kuanzia mwaliko hadi simu ya usiku. Nimeuandika kwa ajili ya nyumba ya Kiganda kwa kuwa ndiyo utakayoalikwa kwanza ukiishi Kampala, Mukono au Entebbe. Sehemu nyingine za Uganda nimezigusa karibu na mwisho.

Wahaya wa Bukoba mtanisamehe. Nusu ya somo hili mnalo tayari nyumbani.

Vitu vya kuandaa

- Zawadi ya jikoni. Sukari kilo mbili, mkate mkubwa, mche wa sabuni au kilo ya nyama. Chagua kimoja au viwili. Maua na chokoleti waachie wenyewe wanaopeana maua.
- Nguo inayokubali kukaa chini. Mwanamke, vaa gauni au sketi inayopita magoti hata ukiwa umekunja miguu mkekani. Mwanamume, suruali isiyobana.
- Soksi nzima. Viatu vitabaki mlangoni, na udongo mwekundu wa Kampala hauna siri.
- Maneno machache ya Kiganda. Nimeyaweka ndani ya hatua, kila moja mahali pake.
- Mchana wote. Usipange kitu kingine kabla ya jioni.
- Njaa ya wastani. Kunywa chai asubuhi, usile kitu kizito.

Wanawake, beba na leso. Hapa wanaiita *lesu* na wanaijua vizuri. Ukishakaa mkekani unaitandaza miguuni na mambo yameisha. Inafaa pia kuwa zawadi kwa mama wa nyumba, ila soma maandishi kabla hujanunua. Atakuuliza yanasema nini, na watoto wote watakaa kimya wasikie tafsiri. Niliwahi kumpelekea mama mmoja kanga nzuri ya rangi ya chungwa iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Nilihangaika dakika tano nzima kueleza kwamba sikuwa na maana yoyote.

Hatua ya 1: Pokea mwaliko na uulize mambo matatu

*Saa.* Waganda wanahesabu saa kama sisi: *ssaawa musanvu* ni saa saba mchana. Lakini rafiki yako akikualika kwa Kiingereza atataja saa ya Kizungu, na hapo wengi wamefika nyumba za watu saa moja asubuhi. Hakikisha. Kisha ujue kwamba saa uliyopewa ni ya kufika, si ya kula. Matooke ya mgeni, yaani ndizi za kupika, hayaharakishwi. Ukifika saa saba, tegemea kunawa saa nane na nusu au saa tisa.

*Nani yupo nyumbani.* Kama bibi au babu, yaani *jjajja*, yupo, salamu zitakuwa ndefu na utaanza na yeye.

*Muziro.* Hili halimo kwenye vitabu vya watalii, na ndilo linaloponza zawadi. Kila Muganda ana ukoo, na kila ukoo una muziro wake, mnyama au mmea ambao watu wa ukoo huo hawali. Ukoo wa Butiko hawali uyoga. Ukoo wa Nsenene hawali senene, wale panzi wa kuliwa. Mmamba hawali kambaremamba, Ndiga hawali kondoo, Mpindi hawali kunde. Watoto hufuata ukoo wa baba, na mama ana wake, kwa hiyo nyumba moja ina miziro miwili na pengine zaidi. Muulize rafiki yako tu, "Nyinyi mu ukoo gani?" Atafurahi kuulizwa. Utakuwa umejiepusha kuingia na mfuko wa senene mwezi wa Novemba, ambao kwa Kiganda unaitwa hasa *Musenene*, kwenye nyumba isiyowagusa.

Siku hiyohiyo ya mwaliko sema na wewe usichokula. Kama ni Mwislamu, sema. Familia nyingi za Kiganda zina Waislamu ndani yake, kwa hiyo hawatashangaa, na kuku atachinjwa inavyopasa. Kama karanga zinakudhuru, sema mara mbili, kwa sababu karanga zinaingia kwenye mchuzi, kwenye mboga na hata kwenye samaki. Usingoje hadi sahani iwe mbele yako. Wakati huo mama ameamka alfajiri kwa ajili yako.

Hatua ya 2: Mlangoni

Bisha hodi kwa mdomo: *"Koodi?"* Ndiyo, ni hodi yetu imebadilisha nguo. Utajibiwa "Karibu" au *"Yingira"*, ingia.

Vua viatu hata wakikuambia usivue. Watakuambia, kwa adabu, na wewe utavua, kwa adabu.

Zawadi mpe mama au mtoto aliyekuja kukupokea, kwa mikono miwili, bila hotuba. Itaenda ndani ikiwa imefungwa vilevile. Usingoje ifunguliwe mbele yako.

Ndani kuna viti na kuna mkeka. Angalia wenzako wanakokaa kabla hujakaa. Wanaume na wageni kwa kawaida huonyeshwa viti, wanawake wengi wa nyumbani hukaa mkekani wamekunja miguu upande mmoja. Usikanyage mkeka na viatu, na usiruke miguu ya mtu aliyekaa. Zunguka, hata kama ni kuzunguka sebule nzima.

Umefaulu ukiambiwa *"Tukusanyukidde"*, tumefurahi umekuja, na ukaonyeshwa pa kukaa.

Hatua ya 3: Salamu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka

Mswahili akiingia anasalimia akiwa bado amesimama: "Shikamoo, habari za hapa, nzuri," kisha anakaa. Kwa Waganda unakaa kwanza, unatulia, ndipo mnasalimiana. Ile ya mlangoni ilikuwa kukaribishwa tu.

Kama ni asubuhi: *"Wasuze otya nno, ssebo?"* kwa mwanamume, *nnyabo* kwa mwanamke. Mchana na jioni: *"Osiibye otya nno?"* Wakiwa wengi: *"Mwasuze mutya"* na *"Musiibye mutya"*. Jibu ni *"Bulungi"*, kisha unarudisha swali. Hapo hujamaliza. Utaulizwa *"Ab'eka bali batya?"*, watu wa nyumbani wakoje, nawe utajibu *"Gye bali"*, wapo.

Kisha kinakuja kitu ambacho hakuna aliyenieleza nilipofika: mguno. Mmoja anasema *"Mmm."* Mwingine anajibu *"Mmm."* Yule wa kwanza tena, chini kidogo, *"Mmm."* Mara tatu, mara nne, sauti zinashuka taratibu kama mtu anayeweka mzigo chini. Usicheke, na usidakie kwa stori ya foleni ya Jinja Road. Guna nao mpaka waishe wenyewe. Nilipokuwa mgeni nilidhani wamekosa la kusema nikakimbilia kujaza kimya. Kumbe nilikuwa namkatiza jjajja katikati ya salamu.

*Kupiga magoti.* Wasichana wa nyumba watakupigia magoti kukusalimia, na mama naye anaweza kumpigia magoti mumewe au mkwewe. Usimshike mtoto mkono kumwinua. Nimewaona vijana wetu wakifanya hivyo kwa nia njema: "Simama, mdogo wangu, simama." Mtoto anabaki njia panda, wazazi wanaona malezi yao yamekataliwa hadharani. Itikia salamu, basi, atainuka.

Wewe mwanamke mgeni hulazimishwi. Mimi kwa jjajja napiga goti, kwa rafiki wa rika langu siinami. Goti moja chini kwa mzee linafungua nyumba kuliko kilo kumi za sukari, lakini kama moyo haukubali, inamisha kichwa na mwili kidogo, itatosha. Mwanamume kaa wima, salimia kwa heshima.

*Lugha.* Anza na Kiganda chako kibovu. Kikikwisha, ingia Kiingereza. Kiswahili kiache mpaka mwenye nyumba akianzishe. Ni kweli serikali ya Uganda mwaka 2022 iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na vijana wengi wanakifurahia. Lakini mzee aliyeishi Kampala miaka ya Amin, 1971 hadi 1979, alikisikia kwa askari, na mara nyingi hakikuja na habari njema. Ukimwamkia kwa "Wewe mzee, hujambo?" ya sauti kubwa anaweza kukumbuka kizuizi cha barabarani. Nimeona uso ukifungwa hivyohivyo, na ukafunguka baada ya *"Osiibye otya nno, ssebo?"* moja iliyovunjikavunjika.

Umefaulu ukisikia mtu anamwambia mwenzake kwa kicheko kwamba mgeni anajua Kiganda. Hujui, lakini wamekukubali.

Hatua ya 4: Kungoja

Utaletewa kinywaji: soda, maji ya nanasi yaliyochemshwa yanayoitwa *munaanansi*, au chai. *Caayi mukalu*, neno kwa neno "chai kavu", ni ya rangi. Kunywa polepole.

Sasa utakaa saa nzima, labda zaidi. Simu iweke mfukoni. Utapewa albamu ya picha za harusi na mahafali. Ipitie ukurasa kwa ukurasa, uulize huyu ni nani na huyu ni nani. Hii ndiyo kazi yako ya mchana. Ukitazama saa, watu wa jikoni wataambiwa mgeni ana njaa, na mama atapata fadhaa bure.

Jikoni usiende bila kuitwa, hasa ukiwa mwanamume. Mwanamke anaweza kwenda hadi mlangoni, akasema *"Gyebale ko, nnyabo"*, pole na kazi, akajibiwa *"Awo"*, akarudi.

Tahadhari moja ya masikio. Jikoni utasikia mama anamwambia binti *"Kuma omuliro!"* Usikodoe macho. Kwa Kiganda *kukuma omuliro* ni kuwasha moto, na *kukuuma* ni kulinda. Ni maneno safi kabisa. Kaka yangu aliponitembelea alipaliwa na chai, ikabidi nimpige mgongoni huku nikimwambia anyamaze.

Hatua ya 5: Kunawa

Mtoto atakuja na jagi na beseni, pengine amepiga magoti. Nyosha mikono juu ya beseni, anamimina, unasugua, mwambie *"Weebale"*. Usisimame kutafuta sinki, na usimnyang'anye jagi ukajimiminie.

Ukihitaji maji, sema *amazzi*, na hiyo *zz* ikaze, ishikilie kidogo. Ukiilegeza ukasema *amazi* umeomba kinyesi. Kwa sababu sisi "maji" tunayatamka mepesi, ndio tunaoongoza kwa kosa hili. Fanyia mazoezi nyumbani.

Baada ya kunawa mara nyingi kutakuwa na sala. Inamisha kichwa, subiri.

Hatua ya 6: Jua unachoandaliwa

Kiganda kinagawa chakula kama sisi tunavyogawa chakula na kitoweo. *Emmere* ndiyo chakula chenyewe, na kwa Muganda mkubwa wa emmere ni matooke. *Enva* ni kitoweo: nyama, samaki, karanga, mboga. Ukila nyama peke yake na kuacha matooke, kwa mama wa nyumba hujala.

Tazama yakifunuliwa ukipata nafasi. Ndizi zimemenywa mbichi, zimefungwa ndani ya majani ya mgomba, zikawekwa juu ya vikonyo vya majani hayohayo ili zisiguse maji, zikapikwa kwa mvuke. Zikiiva mama anaushika mfuko wote wa majani, unaounguza mikono ya mtu yeyote isipokuwa yake, anaukandamiza kwa viganja kutoka nje mpaka ndizi zinalainika ndani bila kufunguliwa. Unarudi tena motoni. Ndiyo ile saa uliyokuwa unangoja. Yakifunguliwa, jani la juu limekuwa la kahawia, la ndani bado kijani kibichi, na katikati pana kitu cha manjano kama kiini cha yai, kinafuka, kinanukia jani.

Kando yake huenda ukakuta:

- *Oluwombo:* kuku, nyama au karanga zilizopikwa ndani ya jani laini lililopitishwa motoni, kila mtu na kifurushi chake kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Ukipewa hiki umeheshimiwa. Kifungue mwenyewe, taratibu. Mchuzi umo ndani na unamwagika.
- *Ebinyeebwa:* mchuzi wa karanga wenye rangi ya waridi iliyofifia. Rangi ni ya maganda ya karanga, hakuna kilichoharibika.
- Mboga: *nakati*, *ddodo* (mchicha), *entula* (ngogwe).
- Samaki: *ngege* ni sato, *mpuuta* ni sangara, *mukene* ni dagaa.
- Viazi vitamu (*lumonde*), mihogo, magimbi, boga, wali.

Mitego miwili ya majina. Ukisema unataka "ndizi", utaletewa *ndiizi*, vile vidogo vitamu vya kula baada ya chakula. Ya kupika ni *matooke*, ya kuchoma ni *gonja*, ile kubwa ya kumenya ukala ni *bogoya*. Na usiulize ugali uko wapi. Ugali hapa unaitwa *posho* au *kawunga*, na ni chakula cha bweni, watu wazima wana kinyongo nao tangu shule. Mtanzania anayesikia "leo kuna posho" akadhani ni ya kikao, pole yake.

Hatua ya 7: Kula

Mama au binti atakupakulia. Mlima utakuwa mkubwa. Unaweza kusema mapema, kabla ya kijiko cha pili, *"Katono, nnyabo"*, kidogo tu. Ataongeza kidogo hata hivyo.

Ukipewa uma tumia uma, hakuna aibu. Kwa mkono, tumia wa kulia, na usiviringe tonge kiganjani kama la ugali. Matooke ni laini, yananata, na katikati yanashika moto muda mrefu. Mega kidogo kutoka ukingoni, kwa ncha za vidole vitatu, chovya, kula. Ukichimba katikati utapata lengelenge. Mkono wa kushoto uache pajani.

Firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Ukiiona kwenye sinia usiigombanie. Ukiwekewa wewe, ni heshima kubwa. Ile na ushukuru.

Sasa mwendo. Kula taratibu kuliko unavyokula kwenu, kwa sababu sahani iliyo tupu inaongezwa. Anayemaliza wa kwanza anaongezwa wa kwanza, na anayekataa nyongeza ya kwanza anaonekana hakupenda. Siri yangu ni hii: mara ya kwanza pokea robo tatu ya unachoweza, ukiongezwa pokea robo iliyobaki. Katikati ya kula sema *"Emmere ewooma nnyo"*, chakula kitamu sana. Useme kweli, si kwa kupita.

Ukishiba kabisa: *"Nzikkuse, nnyabo."* Utabishiwa mara moja au mbili. Rudia ukitabasamu, usiisukume sahani mbali.

Ukiletewa kitu usichoweza, kama senene waliokaangwa na vitunguu, chukua mmoja. Ukishindwa na huyo mmoja, sema tumbo lako bado geni. Tumbo linakubalika kuwa na sababu. Kukunja pua hakukubaliki.

Hatua ya 8: Shukrani zina mpangilio

Asante yetu moja ya jumla hapa haitoshi. Waliokualika hawakuhukumu kwa ulichokula, wanasubiri maneno haya:

Kwa aliyepika: *"Weebale kufumba, nnyabo."* Asante kwa kupika. Wakiwa wengi, *"Mweebale kufumba."*

Naye atakujibu *"Weebale kulya,"* asante kwa kula. Hapo wageni wetu wanachanganyikiwa: mimi nimekula bure, ananishukuru nini? Anakushukuru kwa sababu chakula kisicholiwa ni msiba wa jikoni. Itikia *"Kale"*.

Kwa mwenye nyumba na wote waliokukirimu: *"Mugabudde."* Mmekirimu. Jibu lake ni *"Weebale kusiima,"* asante kwa kushukuru. Unaona mnyororo ulivyo: anashukuriwa mpishi, anashukuriwa mlaji, anashukuriwa aliyeshukuru. Ukikata pete moja wanaisikia.

Zisemwe ukiwa umekaa, sahani bado haijaondolewa. Ukizisema umesimama na begi begani, hazihesabiki.

Hatua ya 9: Kuondoka

Baada ya kunawa tena, kaa. Saa moja, angalau. Huyu ndiye yule mdogo wangu wa saa tisa kasoro, alikula akasimama. Kwa macho ya wenyeji alifuata chakula, hakufuata watu. Mazungumzo yenyewe yanaanza sasa, baba ameegemea, watoto wamekuzoea, na utaulizwa kwenu Tanga wanapika nini. Uwe na jibu refu.

Jua likianza kuinama, aga kwa kumwambia mkubwa: *"Ka nsiibule, ssebo."* Utaambiwa mapema mno. Kaa dakika kumi nyingine, kisha uage tena.

Usishangae ukipewa mzigo: chana ya matooke, parachichi, maboga, pengine mkungu mzima ambao hujui utaupakia vipi kwenye bodaboda. Usikatae. Pokea kwa mikono miwili. Dereva wa boda ataufunga nyuma kwa mpira, ameshabeba vikubwa zaidi.

Watakusindikiza, mpaka getini au mpaka barabarani. Tembea polepole. Watasema *"Tulabire ab'eka,"* tusalimie wa nyumbani, nawe *"Mweraba."*

Hatua ya 10: Simu ya usiku

Ukifika piga, si ujumbe wa maandishi: *"Ntuuse bulungi, nnyabo."* Nimefika salama. Sekunde thelathini.

Mkikutana tena hata baada ya wiki mbili, kabla ya neno lingine sema *"Weebale eby'oluli,"* asante kwa ya siku ile. Hili wageni hawalijui kabisa, na likitoka mdomoni mwako utaona mtu anasimama sawasawa akutazame upya.

Ukialikwa nje ya Buganda

Usihamishe sheria hizi nzimanzima. Ankole utasalimiwa *"Agandi"* ukajibu *"Nimarungi"*. Chakula cha heshima ni maziwa, ugali wa ulezi uitwao *karo*, na *eshabwe*, mchuzi mweupe wa samli ambao haupikwi. Kwa Iteso ugali wa ulezi ni *atap*, na asante ni *"Eyalama"*. Kwa Waacholi utakutana na *malakwang*, mboga chachu yenye karanga, na *"Apwoyo"* inakufikisha mbali. Bugisu tafuta *malewa*, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Kote huko zawadi ya sukari na mwendo wa taratibu vinafanya kazi.

Ukishakosea

Umekanyaga mkeka, umemwinua mtoto, umeomba *amazi*. Sema *"Nsonyiwa"*, nisamehe, ucheke na wao. Kosa la kukimbia ndilo lisilo na dawa siku hiyohiyo. Dawa yake ni kurudi Jumapili nyingine na kilo ya sukari, bila kualikwa, ukisema umepita kuwasalimia. Ndiyo, bila kualikwa. Kijana wangu wa Arusha alifanya hivyo na leo anaitwa *mutabani*, mwana wa nyumba.

Dalili kwamba umefika

Usihesabu mialiko. Angalia unapowekwa. Mara ya kwanza utapewa kiti sebuleni na soda. Mara ya tatu au ya nne utabisha *koodi*, utaitwa moja kwa moja uani, na badala ya soda utapewa kisu na rundo la matooke mabichi.

Paka mikono mafuta ya kula kabla hujamenya la kwanza. Utomvu wake ukishakauka unaweka weusi ambao sabuni haitoi, na Jumatatu ofisini kila mtu atajua ulikuwa wapi.